Maskoti wa Bia kwa Kiwanda Kidogo cha Mombasa: Mnyama, Mtu, au Klabu Bila Maskoti?

Kiwanda kidogo cha bia kikishapata baa kadhaa za kuuzia Nyali, Bamburi na Mtwapa, swali la maskoti, yaani mnyama au mtu wa kuchorwa anayeiwakilisha bia, halikawii kufika mezani. Mshirika mmoja anataka mnyama. Wa pili anataka sura ya mtu wa pwani. Mwenye kushika daftari la hesabu anauliza kwa nini pesa hizo zisitumiwe kwa wateja wenyewe, wale wanaokuja kila Ijumaa bila kuitwa. Wote wana hoja, ndiyo maana mjadala huwa mrefu.

Kazi yangu ni kuchora lebo na mabango hapa Mombasa. Makala haya ni ya yule aliyekwama kati ya njia tatu: maskoti mnyama, maskoti mtu, au kukaa bila maskoti na kuzipeleka pesa hizo kwenye klabu ya mashabiki.

Jambo moja naliamini kwa dhati, na linapita katika yote nitakayoyasema. Mombasa, bia yako itaonekana na watu wengi kuliko watakaoinywa. Lori la kreti linapita Makupa watoto wakitoka shule. Bango la Mtwapa linasomwa na abiria wa matatu ambaye hajawahi kuonja pombe na hana nia hiyo. Tisheti ya shabiki wako inapanda feri ya Likoni pamoja na ustadhi, pasta na mama muuza samaki. Maskoti aliyechaguliwa kwa kumfikiria mnywaji peke yake ataingia matatani na hawa wengine, na hawa wengine ndio mji.

Vigezo kabla ya michoro

Cha kwanza ni sheria na watoto. Sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010, ambayo wengi bado wanaiita sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeipeleka bungeni, inaweka umri wa kuuziwa pombe kuwa miaka 18, inazuia baa kuwa ndani ya mita 300 kutoka shule, na inakataza kutangaza pombe kwenye shughuli za watoto au kwa vitu vinavyohusishwa na watoto. Haiishii hapo: onyo la afya lazima lichukue angalau asilimia 30 ya eneo la chupa au kopo. Na upepo unazidi kukaza, kwani sera ya kitaifa iliyozinduliwa Julai 2025 inapendekeza umri upandishwe hadi miaka 21. Kwa hivyo mchoro wako uupime kwa sheria itakayokuwapo miaka mitano ijayo, usiupime kwa sheria ya leo tu.

Cha pili: mji utampokeaje? Hapa nina maana ya Waislamu, Wakristo, Wamijikenda, watu wa bara waliohamia, na wageni wa mahotelini, wote kwa pamoja.

Cha tatu ni gharama ya kumtunza. Kumchora maskoti ni kazi ya wiki chache. Kumlisha, kumvisha, kumlinda asiibiwe na kumweka katika tabia moja kwa miaka kumi ndiko kunakokula pesa.

Cha nne ni aina ya ushabiki anaojenga: je, mtu ataitambua chupa tu, au atasimama kuitetea bia yako kwa marafiki zake?

Cha tano husahaulika: siku mambo yakiharibika, unaweza kumstaafisha bila kuua jina la bia?

Njia ya kwanza: maskoti mnyama

Kenya tuna mfano mkubwa kuliko wote. Ndugu wawili, George na Charles Hurst, walianzisha Kenya Breweries mwaka 1922. Mwaka uliofuata George akauawa na ndovu mawindoni, na bia ikapewa jina la Tusker. Ndovu yule yuko kwenye lebo hadi leo, zaidi ya miaka 100 baadaye. Mtazame vizuri: hacheki, hana suruali, hachezi ngoma. Ni mnyama mwenyewe, amesimama kwa heshima yake. Nadhani utulivu huo ndio umemfikisha hapo.

*Sheria na watoto.* Hapa ndipo mnyama anapokuwa na hatari kuliko wote. Marekani, bia ya Bud Light ilimleta mbwa aliyeitwa Spuds MacKenzie mwaka 1987. Akapendwa kupita kiasi, na kelele zikaja kwamba anawavuta watoto. Kufikia 1989 alikuwa ameondolewa. Upande wa sigara mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mwaka 1991 watafiti walichapisha kwamba watoto wa miaka sita walimtambua ngamia wa Camel, Joe Camel, karibu sawa na Mickey Mouse. Kampuni ikamwondoa mwaka 1997. Lakini kampuni iliyomleta Spuds, ile ya Budweiser, imekuwa na farasi wake wakubwa aina ya Clydesdale tangu 1933, na bado wanavuta mkokoteni wa bia bila mgogoro wa namna ile. Tofauti iko kwenye mkono wa mchoraji na kazi anayopewa mnyama. Macho makubwa, mashavu ya mviringo na tabasamu la meno yote ni lugha ya watoto. Mwili wa kweli, kivuli cha kweli na kazi ya kweli ni lugha ya watu wazima.

*Mji utampokeaje.* Mbwa aondoke kwenye orodha kabla hujashika penseli. Kwa Waislamu wengi wa mji huu ni najisi. Nguruwe hata usimtaje. Simba amechoka: yuko kwenye saruji na bidhaa nyingine, na mashabiki wa soka tayari wanamjua kuwa wa Simba ya Dar es Salaam. Ndovu naye wengi wanamtaka kwa sababu ya mapembe ya Moi Avenue, yale yaliyojengwa miaka ya 1950 kwa ajili ya ziara za familia ya kifalme ya Uingereza. Achana naye. Nchini Kenya ndovu wa bia ana mwenyewe, na hutaki kuanza biashara kwa kesi ya alama.

Kobe anavutia, hasa kwa aliyefika Haller Park, ile bustani ya wanyama pale Bamburi. Kiboko mchanga Owen aliokolewa baada ya tsunami ya Desemba 2004, akaletwa pale na kumganda kobe mzee aliyeitwa Mzee kana kwamba ni mamake. Kisa hiki kimeenda dunia nzima. Tatizo ni kwamba kimeenda kwa watoto kwanza. Kila mtoto aliyepelekwa Haller Park na shule yake ataiona lebo yako na kumkumbuka Mzee. Mimi nisingekigusa.

Wanaobaki ni viumbe wa bahari, na hapa Mombasa ina utajiri. Kaa ana umbo linalosomeka hata likiwa dogo kama kizibo, ana ukali kidogo, na hana ubaya na dini ya mtu kama alama ya kuonekana tu. Pweza anajulikana na kila anayepita jioni kwenye vibanda vya supu ya pweza, lakini mikono yake minane inakuwa uji ikishachapwa ndogo. Kasa ni mzuri, ila ni kiumbe anayelindwa. Ukimtumia bila kutoa chochote kwa wanaolinda mayai yake ufuoni, watu watakuuliza, na watakuwa na haki. Kunguru wa Mombasa ni mjanja na kila mtu ana kisa chake naye, lakini visa vyenyewe ni vya kuporwa chakula. Sioni vipi hilo linauza bia.

*Gharama.* Watu hufikiria vazi la maskoti kwanza, lile la sponji na manyoya. Fikiria Februari, jua la saa tisa, kaskazi imetulia, na kijana amefungwa ndani ya kaa wa sponji nje ya baa. Hataweza kukaa humo muda mrefu, na usimlazimishe. Mtu anaweza kuzimia. Vazi lenyewe likishaloa jasho halikauki upesi na unyevu wetu, linanuka, linaota ukungu. Ukilazimika kuwa nalo, mpe anayelivaa zamu fupi, maji, na mtu wa kumwongoza. Ushauri wangu ni kwamba kiwanda kidogo kisinunue vazi kabisa mwaka wa kwanza. Pesa hizo zimlipe mchoraji wa matatu mwenye mkono mzuri achore kaa ukutani kwenye baa tano. Ukuta hautoki jasho.

*Ushabiki.* Mnyama hujenga utambuzi wa haraka kuliko njia zote tatu. Katika baa yenye muziki mkubwa, mteja hatamki jina la bia jipya. Anainua kidole na kusema, "Dada, niongeze ile ya kaa." Hilo peke yake lina thamani kubwa. Ila utambuzi si uaminifu. Mteja anayeita kaa leo ataita kingine kesho kaa akikosekana kwenye friji.

Kwenye uchoraji, kuna jambo nimeliona mara nyingi ambalo linafaa hata kwa njia ya pili. Chupa ikitoka kwenye barafu, kiganja cha mnywaji hufunika lebo yote ya tumboni. Kinachobaki kuonekana ni shingo na kizibo. Ondoa pia asilimia 30 ya onyo na nafasi ya stempu ya ushuru ya KRA, utaona mnyama wako amebakiwa na eneo la kadi ya simu. Kwa hiyo uso wake uwe shingoni, kwa mistari minene, rangi mbili. Mchapishe kwa ukubwa wa kizibo, mweke chini ya taa nyekundu ya baa, mtazame ukiwa umenyoosha mkono. Usipomtambua papo hapo, rudi mezani.

*Kumstaafisha.* Rahisi, mradi jina la bia si jina lake. Toucan wa Guinness, yule ndege mwenye mdomo mkubwa, alianza mwaka 1935, akapumzishwa, akarudishwa kwenye mabango na fulana, na bia ikabaki Guinness wakati wote.

*Anamfaa nani.* Anayeuza chupa au kopo kwenye baa na maduka mengi ambako yeye mwenyewe hayupo kusema neno.

Njia ya pili: maskoti mtu

*Sheria na watoto.* Hapa mtu ana nafuu. Mwanamume wa makamo mwenye mvi haonekani kama mchezo wa watoto. Angalizo ni kwamba awe mtu mzima bila shaka yoyote, asichorwe kibonzo, na asionekane akinywa huku akifanya kazi ya hatari.

*Mji utampokeaje.* Sasa hapa ndipo ninapotaka kukaa, kwa sababu mtu ana kabila, dini, mavazi na babu. Kila unachomvisha ni kauli.

Ukimvika kanzu na kofia ya kiua ukamweka kwenye chupa ya bia, umeitukana sehemu kubwa ya mji. Mwanamke wa buibui ni hivyo hivyo, na zaidi. Hata leso yenye jina la bia nimewahi kuombwa nibuni, nikakataa. Leso ni vazi la mama, la harusi, la kumbebea mtoto. Binti wa ufukweni aliyevaa kidogo ni mchoro wa zamani ambao wanawake wanywaji wa Mombasa, na ni wengi, hawana sababu ya kuununua.

Mashujaa pia waache. Mekatilili wa Menza aliwaongoza Wagiriama kuwapinga Waingereza mwaka 1913. Sura yake si ya kuwekwa kwenye barafu. Mabaharia wa kigeni wenye panga na jicho moja wana mvuto kwa wabunifu kwa sababu ya Captain Morgan, ile ramu iliyopewa jina la mvamizi wa baharini wa karne ya 17. Lakini mji wetu uliwahi kutembelewa na manahodha wenye mizinga, kuanzia Vasco da Gama mwaka 1498, na Fort Jesus ilianza kujengwa 1593 kwa sababu ya watu wa aina hiyo. Hatuwezi kuwashangilia.

Mgema ni wazo zuri zaidi: anapanda mnazi alfajiri, kisu kiunoni, kibuyu mgongoni. Ni kazi ya heshima na ya pwani hasa. Lakini mgema ana kinywaji chake, na wateja wake wako mangweni. Tena, mtu yeyote wa pwani akimwona mgema kwenye lebo yako, kabla hajafungua chupa atakuwa ameshakutolea ile methali ya mgema kusifiwa na tembo kutiwa maji. Sidhani kiwanda kinataka mteja akumbuke pombe iliyotiwa maji kila akishika chupa.

Ninayemwona anafaa ni mfanyakazi wa bandari, aliyemaliza zamu, kofia ngumu kwapani. Kilindini imelisha familia za makabila yote na dini zote. Wafanyakazi wake waligoma wakati wa ukoloni mwaka 1947 na tena 1955, na kumbukumbu hiyo bado iko kwenye nyumba za Changamwe na Likoni. Mchore kwa uhalisi, na kabla hujachapa, wapelekee mchoro wafanyakazi wenyewe. Wakisema buti si zile, badilisha buti. Usimwite kuli, hilo ni jina alilopewa na waliomdharau. Jihadhari pia asifanane na alama za klabu ya soka ya Bandari, ambayo mashabiki wake ni hao hao wa gatini.

*Gharama.* Mchoro ni ghali kidogo kuliko wa mnyama, kwa sababu uso wa mtu ukikosewa kidogo unakuwa dhihaka. Gharama kubwa ni mwandishi. Faida ya maskoti mtu ni kwamba anaweza kuzungumza: ana lafudhi, ana Kimvita chake, anaweza kuwa na maoni juu ya foleni ya feri na bei ya samaki. Bila mtu mwenye sikio la mji kumwandikia maneno hayo kila wiki, atabaki picha bubu, na picha bubu ya mtu haina nguvu kuliko kaa.

Kuna wanaofikiria kumtumia mtu halisi, mchekeshaji au mchezaji wa zamani. Uelewe kwamba unakodi jina lenye maisha yake. Akikosana na watu, bia yako nayo imekosana.

*Ushabiki.* Akipatikana vizuri, huyu hujenga mapenzi mazito kuliko mnyama. Mnywaji anamwona mjomba wake. Anaanza kumnukuu. Lakini kwa kila anayejiona ndani yake, yuko asiyejiona, na huyo wa pili hatakuambia. Ataagiza nyingine tu.

*Kumstaafisha.* Vigumu. Mtu hawezi kupotea kwenye lebo bila kuulizwa amekufa au amefukuzwa.

*Anamfaa nani.* Kiwanda chenye baa yake, chenye mitaa yake maalumu, na chenye mwandishi mzuri wa Kiswahili ndani ya nyumba.

Njia ya tatu: alama tu, na klabu ya mashabiki

Alama bila maskoti si jambo la kinyonge. Pembetatu nyekundu ya bia ya Bass ndiyo iliyosajiliwa kuwa alama ya kwanza ya biashara Uingereza, tarehe 1 Januari 1876. Pembetatu, basi. Pesa zilizobaki unazipeleka kwa watu.

*Sheria na watoto.* Ni njia salama zaidi kwa upande wa watoto, kwa sababu uanachama unauangalia kwa kitambulisho. Lakini ina mtego wake. Sheria ya vileo inakataza kutangaza pombe kwa namna inayomsukuma mtu anywe zaidi ili ashinde zawadi. Ile kadi ya kugongwa mhuri, kunywa kumi upate ya bure, inakukaribisha kwenye matatizo, na nasema wazi kwamba hata kama isingekatazwa si njia ya kumjali mteja. Zawadia kufika, si kunywa: mwanachama apate kiti siku ya mechi, aonje pipa jipya kabla ya wengine, aandikwe jina ukutani, apate usafiri wa kurudi nyumbani. Pia ukishakusanya namba za simu, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu. Omba idhini, eleza utazitumia vipi, na usizitoe kwa mwingine.

*Mji utampokeaje.* Hapa hakuna shida, kwa kuwa yote yanafanyika ndani ya kuta za watu wazima. Ramadhani ikifika, klabu inaweza kupunguza kelele bila mtu kuona bango limeshuka.

*Gharama.* Ndogo mwanzoni, lakini haiishi. Klabu inahitaji mtu mwenye moyo, anayejua kwamba mwanachama fulani alifiwa wiki jana. Mhudumu wa kaunta anayekumbuka majina ana thamani kuliko mchoro wangu wowote; mlipe vizuri asihame. Kundi la WhatsApp nalo linataka msimamizi, la sivyo baada ya miezi miwili limejaa siasa na matangazo ya viwanja.

*Ushabiki.* Soka ya Kenya inatufundisha kitu. Tusker FC, wanamvinyo, imebebwa na kampuni kubwa na kutwaa ubingwa wa ligi mara nyingi. Lakini jukwaa likijaa na kuimba, mara nyingi ni la Gor Mahia au AFC Leopards, timu zilizozaliwa na jamii miaka ya 1960 na kubeba majina yaliyotoka kwa watu wenyewe. Pesa ya kampuni inanunua kombe kwa urahisi kuliko inavyonunua wimbo.

Scotland, kampuni ya bia ya BrewDog ilianza mwaka 2009 kuwauzia wanywaji hisa, na makumi ya maelfu wakawa mashabiki na wamiliki kwa pamoja. Hakuna kadi ya uanachama inayofikia hapo. Kisha mwaka 2017 mwekezaji mkubwa, TSG, akaingia na hisa zenye haki ya kulipwa kabla ya wengine, na wale wadogo wakajikuta nyuma ya foleni. Ukifikiria kuwapa mashabiki wako umiliki, kwanza zungumza na wakili kuhusu Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, na pili usiahidi usichoweza kukitunza siku pesa kubwa ikibisha hodi.

Kwa Mombasa, penye watu wazima wenye kiu na sauti ni raga. Mashindano ya Driftwood ya wachezaji saba kila upande, pale Mombasa Sports Club, yanawaleta mashabiki wanaopenda kukaa pamoja kutwa nzima. Mashabiki wa Bandari wanaosafiri na timu nao ni watu wa kudumu, ila uwanjani Mbaraki huwa na watoto, kwa hiyo wakaribishe kwenye baa yako baada ya mechi badala ya kuweka bango kwenye uzio.

*Kumstaafisha.* Alama haistaafu. Klabu ikifa hufa kimya kimya, na ni jambo la kusikitisha, lakini bia inaendelea.

*Inamfaa nani.* Kiwanda ambacho wateja wake wengi kinawajua kwa sura.

Ulipo sasa

Kama kiwanda hakijafikisha mwaka na ladha ya bia bado inabadilika kila pipa, anza na klabu. Maskoti akishaingia, kila pipa baya lina sura ya kulaumiwa.

Kama bia ni moja, imetulia, na inaelekea madukani na kwenye baa za Kilifi na Diani, chukua mnyama wa baharini aliyechorwa kwa uzito. Usimpe jina la kitoto, na usitengeneze mwanasesere wake hata mgeni wa hoteli akiomba.

Kama unauza zaidi mahotelini, mnyama anatosha, lakini usitarajie ushabiki. Mgeni anaondoka na kizibo mfukoni baada ya wiki mbili. Mweke mnyama kwenye kopo na bilauri, uzielekeze nguvu zako kwa wahudumu wa hoteli, ambao ndio wanaobaki.

Kama una baa yako Changamwe au Likoni na mteja wako ni mtu wa zamu, maskoti mtu anaweza kufanya kazi kubwa. Mtafute mwandishi kwanza, mchoraji baadaye.

Kama tayari una maskoti na una wasiwasi naye, mwonyeshe kwa watu watatu wasiokunywa: mzee wa mtaa, mwalimu wa shule ya msingi, na mama mwenye kibanda karibu na baa yako. Usiwaulize kama ni mzuri. Waulize wangejisikiaje akichorwa kwenye ukuta ulio mkabala na nyumba yao, kisha nyamaza usikilize.

Kama washirika mmegawanyika na hakuna anayekubali kushuka, anzeni klabu kwa msimu mmoja, kisha wapeni wanachama michoro miwili au mitatu. Watakayemchagua atakuwa wao kabla hajawa wenu.

Na yeyote utakayemchukua, malizia makaratasi kabla ya tisheti ya kwanza. Pata hati iliyotiwa saini na mchoraji kwamba haki za mchoro ni za kiwanda, kisha sajili alama KIPI, taasisi ya serikali inayosajili alama za biashara, katika daraja la 32, ambalo ni la bia, na la 25 ikiwa utauza nguo. Usajili unadumu miaka 10 na unaweza kuuhuisha. Mchoraji mwaminifu hatakasirika ukimletea hati hiyo. Mimi huiomba mwenyewe.